Kutoka Tundu hadi Tundu: Kinda wa Kasuku katika Njia ya Katavi

Kiswahili kina neno moja kwa makazi mawili ya kasuku. Uwazi ulio katika shina la mti, ambamo ndege huyu hutaga na kulea, huitwa tundu. Na kizimba cha fito au cha nyaya anamofungiwa barazani, nacho huitwa tundu. Mwenye kamusi mkononi atasema hilo si ajabu, maana kila penye uwazi pana tundu, na hata sindano inalo. Na aseme. Lakini baina ya tundu la kwanza na la pili kuna safari, na safari hiyo hurukwa si na wanahistoria tu, bali hata na watunzi wa hekaya. Katika Tuti-nama, mkusanyiko ulioandikwa kwa Kiajemi na Nakhshabi mwaka 1330, kasuku humzuia mke wa mfanyabiashara asitoke nyumbani kwa kumsimulia visa usiku baada ya usiku. Katika Mathnawi ya Rumi yumo kasuku mwingine wa mfanyabiashara, aliyejifanya maiti ili afunguliwe mlango. Wote wawili huingia katika hadithi wakiwa tayari wanasema, tena kwa ufasaha. Hapaulizwi ni nani aliyewalisha kabla hawajajua kula wenyewe.

Lugha nayo huona taabu mahali hapa. Mtoto wa mtu huachishwa ziwa, na Kiswahili cha zamani kina kitenzi chake mahususi kwa jambo hilo, kulikiza. Ndege hana ziwa. Kasuku, jike na dume, hucheua chakula kilicholainika katika gole na kukitia mdomoni mwa kinda, na kazi hiyo huiendesha kwa majuma mengi. Kasuku kijivu mwenye mkia mwekundu huanguliwa kipofu na uchi, hukaa tunduni kiasi cha majuma 12, na hata akisha kuruka huwafuata wazazi akiomba kulishwa. Kasuku wadogo wa miombo humaliza kazi hiyo mapema zaidi, huruka katika juma la 8 au la 9. Basi mtu amtoaye kinda tunduni kabla ya muda huo kutimia huwa amejitwika kazi ya wazazi wawili, apende asipende, aijue asiijue. Historia ya kasuku wa kufugwa ni historia ya watu waliojitwika mzigo huo, wengi wao kwa mara ya kwanza, na ya makinda walioulipia ujinga wao.

Nchi inayofaa kuitazamia historia hiyo ni Katavi, japo kwa haraka mtu angedhani ni Kongo au Unguja. Mkoa wenyewe ni mchanga, umemegwa kutoka Rukwa mwaka 2012 na kupewa Mpanda kuwa makao makuu, lakini jina lake ni la kale. Ni la Katabi, mzimu wa mwindaji, ambaye wenyeji humhusisha na mkwaju ulio karibu na Ziwa Katavi, na ambaye watu wamezoea kumwekea sadaka chini ya mti huo. Kasuku kijivu si wa huku. Yeye ni ndege wa misitu ya mvua, makao yake yanaanzia Afrika ya Magharibi na kupita Kongo hadi Uganda na Kakamega, na kwa upande wa Tanzania hufika katika pembe ya Kagera tu, kwenye msitu wa Minziro. Katavi ina kasuku wake wengine. Yuko yule mdogo wa rangi ya kahawia, mwenye doa la manjano begani na tumbo lenye kijani kinachoelekea buluu. Na yuko mwingine mkubwa zaidi, mwenye shingo ya kahawia na mdomo mnene wa kuvunjia kokwa ngumu. Mwaka 1898 Anton Reichenow, mtaalamu wa ndege wa Berlin, alimpa huyo mkubwa jina la kitaalamu la suahelicus. Hivyo ndivyo ndege wa miombo ya bara alivyobatizwa Uswahili na Mjerumani.

Majina ya Reichenow yameenea kote katika ukanda huu, na baadhi yake ni makaburi. Richard Böhm, kijana wa Berlin aliyejua kuchora ndege kama ajuavyo mwandishi wa hati nzuri kuchora herufi, alifika katika nchi hizi mwaka 1880 pamoja na Paul Reichard na Emil Kaiser. Waliishi katika misitu iliyo baina ya Tabora na Ziwa Tanganyika, wakafika Karema. Kaiser alifariki mwaka 1882 karibu na Ziwa Rukwa. Böhm alifariki Machi 1884 huko Katanga, kabla hajatimiza miaka 30. Kilichobaki ni jina lake katika kerem mmoja mzuri wa kijani na katika shore mmoja mdogo wa miombo. Watu hawa walikuja kuwatazama ndege katika nchi ambayo wengine waliipita tu, macho yao yakiwa kwenye pembe na watumwa.

Maana Katavi ilikuwa njia. Msafara uliotoka Manyema, upande wa pili wa ziwa, ulipovuka ulikuwa na njia mbili za kuelekea Unyanyembe: ile ya kaskazini ipitayo Ujiji na Uvinza, na ile ya kusini ipitayo Utongwe, Kawende na Ukonongo. Hiyo ya pili ndiyo nchi ya Mpanda ya leo. Henry Morton Stanley aliipita akienda, akiyakwepa mapigano ya Mirambo, akaipita tena akirudi na David Livingstone. Waliondoka Ujiji tarehe 27 Desemba 1871, wakasafiri kwa mitumbwi kuelekea kusini, wakashika nchi kavu mwezi wa Januari katika mvua, wakafika Unyanyembe tarehe 18 Februari 1872. Njaa iliwauma njiani, katika misitu ambamo hapakuwa na kijiji cha kununua unga.

Livingstone alikuwa ametoka Manyema, alikokaa tangu mwaka 1869, na kasuku wa huko hawakumpita machoni. Aliandika katika shajara zake kwamba wanaume wa Manyema walivaa kichwani manyoya mekundu ya mkia wa kasuku, na kwamba manyoya hayo yalikuwa alama ya aliyekwisha kuua mtu. Aliona pia jambo dogo zaidi, ambalo si kila msomaji wa shajara hizo hulikumbuka: kwamba kasuku hushika chakula kwa mguu wa kushoto. Nchi hiyo ya Manyema ndiyo nchi ya kasuku kwa jina na kwa kiumbe. Mji wa Kindu, makao makuu ya jimbo la Maniema, una komuni tatu, na mojawapo inaitwa Kasuku. Waganda humwita ndege huyu enkusu, na Wakongo wa magharibi husema nkusu. Sikio lililozoea vina na mizani halihitaji mwalimu kuusikia undugu wa maneno hayo.

Sasa na ihesabiwe safari ya kinda. Mtegaji anayetaka ndege wa kusema hamtaki mzee, kwa kuwa kasuku mzima aliyenaswa huuma, hujing'oa manyoya na mara nyingi hususia chakula hadi afe. Anayetakiwa ni mchanga, anayeweza kuuchukua mkono wa mtu kuwa ndio mdomo wa mama. Lakini mwendo ulikuwa mrefu. Livingstone alitoka Nyangwe mwezi wa Julai 1871, baada ya kushuhudia mauaji ya watu sokoni, akafika Ujiji mwezi wa Oktoba. Verney Lovett Cameron, aliyekwenda upande wa kinyume, aliondoka Ujiji Mei 1874 akafika Nyangwe Agosti. Kinda aliyetolewa tunduni akiwa na majuma 5 angefika ziwani katika umri ambao kwao angekuwa ndio kwanza anaruka kutoka tawi hadi tawi; angevushwa kwa mtumbwi, na angeingia Kawende akiwa bado anainamisha kichwa na kutikisa mbawa akiomba chakula. Kwa hesabu hiyo, mahali ambapo kasuku wa njia ya kusini alilikizwa si msituni kwao wala si Unguja alikouzwa. Ni katika miombo ya Katavi, chini ya miti isiyo yake.

Wala haikuwa miti peke yake iliyobadilika. Kasuku kijivu hupenda mno tunda la mchikichi, lenye mafuta na rangi ile ya dhahabu iliyokolea. Michikichi ipo Manyema, na ipo katika mwambao wa Tanganyika upande wa Ujiji. Ukiupa mgongo mwambao wa ziwa na kupanda kuelekea Mpanda, michikichi hukoma. Kuanzia hapo chakula cha msafara kilikuwa unga: wa mtama, wa uwele, wa mahindi, ikipatikana bahati. Elimu ya leo inajua kwamba kasuku kijivu ni mwepesi kuliko wenzake wengi kupungukiwa kalsiamu. Kinda alishwaye uji wa nafaka tupu kwa majuma hupinda miguu, mifupa ikawa laini kama ya samaki mdogo, na baadaye hushikwa na mitukutiko ya degedege. Mpagazi wa mwaka 1870 hakuwa na jina la ugonjwa huo. Aliona tu ndege aliyekuwa mzima jana hasimami leo.

Njia hii haikuwa na huruma hata kwa wanyama waliopewa walezi wa kazi. Mwaka 1879 Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, aliwaleta tembo wanne wa Kihindi pamoja na waongozaji wao, wateremke pwani ya Dar es Salaam na kutembea hadi ziwani, ili ionekane kama wanaweza kuchukua mahali pa wapagazi. Ni mmoja tu aliyefika Karema, naye hakudumu. Kama tembo alishindwa, mtu na asishangae kwamba vitabu havina hesabu ya makinda.

Na haiwezekani kumtaja kinda wa ndege katika njia hiyo pasipo kumtaja mwana wa mtu. Waliotembea na tundu mkononi walitembea ubavuni mwa waliofungwa kongwa shingoni, na miongoni mwa hao walikuwamo watoto walioachishwa mama zao kabla ya wakati, kwa maana zote mbili za neno hilo. Karema yenyewe, katika mwambao wa Katavi, ina ushahidi wake. Kituo kilichojengwa na Wabelgiji mwaka 1879 kilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe mwaka 1885, na miaka michache baadaye akaja hapo tabibu Mwafrika, Adrien Atiman. Alikuwa ametekwa utotoni huko Sudani ya Magharibi, akauzwa, akakombolewa na mapadri, akasomeshwa utabibu Malta. Aliwatibu watu wa Karema kwa zaidi ya miaka 60, hadi alipofariki mwaka 1956. Habari zake zimeandikwa na zinastahili kuandikwa zaidi. Hapa inatosha kusema kwamba alitumia umri wake wote kulea watu wa nchi ambayo si ya mama yake.

Watu wa pwani waliompokea kasuku mwishoni mwa njia hawakuwa bila mwongozo. Abu Daud amepokea kutoka kwa Ibn Masud kisa cha safarini: masahaba walimwona ndege mdogo aitwaye hummara akiwa na makinda wawili, wakawatwaa makinda, na mama yao akaja akipapatika juu ya vichwa vyao. Mtume (S.A.W.) aliporejea aliuliza ni nani aliyemtia uchungu kwa ajili ya wanawe, akaamuru warudishwe. Katika Bukhari na Muslim mna kisa kingine, cha mtoto Abu Umayr aliyekuwa na kijindege chake cha kuchezea, kikafa, na Mtume akamliwaza kwa maneno yenye mahadhi. Katika karne ya 4 ya Hijria faqihi wa Kishafii, Ibn al-Qass, aliandika risala nzima juu ya kisa hicho kifupi na kuchambua humo faida zipatazo 60. Mojawapo ni ruhusa ya kumfuga ndege tunduni, ilimradi alishwe na asiteswe. Hadithi mbili, basi, na kati yake kuna umri wa ndege. Aliye chini ya mama hurudishwa. Aliyekwisha kujitegemea anaweza kukaa na mtu. Huenda mwanachuoni akaufasiri mpaka huo kwa namna nyingine, lakini mfugaji yeyote aliyewahi kuamka usiku kwa sababu ya kinda ataukubali.

Karne ya 20 iliigeuza Mpanda kuwa mwisho wa reli badala ya kuwa katikati ya njia. Madini ya risasi yalipopatikana, serikali ya kikoloni ilijenga tawi la reli kutoka Kaliua, kilomita zipatazo 210 ndani ya miombo, likakamilika mwaka 1950. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Reli ilibaki, na pamoja nayo mbao za mninga, asali na nta, kisha tumbaku inayotaka kuni nyingi za kukaushia. Yote hayo yanamhusu kasuku. Miti inayopasuliwa mbao ni ile mikubwa, na miti mikubwa ndiyo yenye matundu. Kasuku wa kahawia hachimbi tundu lake mwenyewe. Hurithi la kigogota, au lile lililooza lenyewe mahali tawi lilipovunjika. Mwenye shoka huuangusha mti asubuhi, na jioni mtoto wake huja mjini na makinda watatu katika kofia.

Biashara kubwa ya ndege hai haikuitegemea Katavi. Iliwafuata cherero, kasuku wadogo wenye uso wa rangi ya chungwa wa nyanda zilizo kusini ya Ziwa Nyanza. Mmoja wao ana jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyefanya utabibu Unguja katika miaka ya 1870 na 1880, na Reichenow ndiye aliyemtangaza kwa jina hilo mwaka 1887. Miaka 100 baadaye, mwaka 1987, cherero huyo ndiye aliyekuwa kasuku wa mwituni aliyeuzwa kwa wingi kuliko wote duniani. Tanzania iliusimamisha uuzaji wake nje mwaka 1992, na mwaka huo huo Marekani ikaufunga mlango wake kwa sehemu kubwa ya ndege wa mwituni. Umoja wa Ulaya ulizuia uingizaji mwaka 2005 kwa kuhofia mafua ya ndege, na mwaka 2007 ukaufanya mzuio huo kuwa wa kudumu. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyama hai wa mwitu kwenda nje, na katika mwaka huo mkutano wa CITES uliofanyika Johannesburg ukampandisha kasuku kijivu hadi daraja la juu la ulinzi, ambalo halimruhusu wa mwituni kuuzwa kibiashara baina ya nchi na nchi.

Milango hiyo ilipofungwa, soko halikufa. Lilihamia kwa wazalishaji. Afrika Kusini ikawa mzalishaji mkubwa wa kasuku kijivu, na nchi za Ghuba, wanakoishi jamaa wengi wa pwani hii, zikawa miongoni mwa wanunuzi wakubwa. Na kwa kuhamia huko soko likaufufua mzigo wa zamani kwa sura mpya. Mnunuzi asiyewahi kufuga aliambiwa kwamba kinda asiyejua kula ndiye atakayempenda, kwa kuwa amelishwa kwa mkono wake. Muuzaji alipunguza kazi na gharama ya majuma kadhaa. Mnunuzi alibeba kinda, bomba la sindano na mfuko wa unga, akaenda navyo nyumbani kama mpagazi wa Kawende.

Kinachompata mtu huyo, awe Maskati au Mpanda, ni kile kile. Kwanza ni joto. Kinda asiye na manyoya anahitaji nyuzi 35 hivi za sentigredi, zipunguzwe kidogo kidogo kadiri manyoya yanavyochomoza, na usiku wa Juni na Julai katika nyanda za Mpanda ni wa baridi kuliko wageni wa pwani wanavyotarajia. Kinda aliyepoa hawezi kusaga chakula, hata kiwe kizuri namna gani. Kisha ni joto la uji wenyewe, ambalo linatakiwa kuwa nyuzi 39 au 40. Ukizidi hapo kwa nyuzi chache huunguza gole, na ubaya wa jeraha hilo ni kwamba halionekani siku ile. Hupita siku kadhaa, ngozi ya kifua ikafa na kutoboka, na chakula kikaanza kuvuja nje. Ukiwa wa baridi, hulala goleni na kuchacha. Kidole hakitoshi kuupima. Kipimajoto cha duka la dawa ndicho hakimu.

Gole ni mkoba ulio chini ya shingo, na mfugaji hujifunza kuusoma kama nahodha anavyosoma tanga. Hujaa ukawa laini na wa mviringo, si wa kukaza. Na katika kila siku moja sharti upungue hadi uwe mtupu kabisa angalau mara moja, aghalabu kabla ya alfajiri. Anayeongeza chakula kipya juu ya kilicholala tangu jana huwa anatia maji safi katika mtungi uliooza.

Hatari kubwa kuliko zote iko kooni. Mlango wa bomba la hewa la kasuku umekaa nyuma ya ulimi, mahali pa kufikiwa na kijiko. Kinda mwenye njaa hutikisa kichwa juu na chini kwa nguvu, na katika mtikiso huo mlango wa hewa hujifunga, chakula kikapita salama. Akiacha kutikisa, amesema basi. Mlezi mgeni, kwa huruma yake, humtilia kijiko kimoja zaidi, nacho huingia mapafuni. Kinda akafa mkononi kwa dakika chache, au akaishi siku tatu akikoroma. Wengi huanguka hapo. Na kosa hilo hufanywa na walezi wenye upendo zaidi kuliko wavivu.

Kuna desturi ya kutafuna mahindi au ndizi na kumlisha kinda mdomo kwa mdomo. Ilizoeleka sehemu nyingi za dunia, na ina uzuri wake kwa mwenye kutazama. Lakini mate ya mtu yana vijidudu ambavyo kinda hawezi kuvihimili, na kasuku naye ana homa yake, iliyosambaa katika nchi nyingi mwaka 1929 na 1930 na kuua watu waliokuwa wakiwabusu ndege wao. Maziwa hayamfai, kwa sababu tumbo la ndege halina cha kuyasagia. Parachichi ni sumu kwake. Uji wa mahindi mtupu humshibisha na kumdhoofisha kwa wakati mmoja, na hapo mlezi wa leo anakutana na mpagazi wa zamani uso kwa uso. Mizani ya gramu, kila asubuhi kabla ya mlo wa kwanza, husema kweli ambayo jicho la mapenzi halioni.

Kulikiza kwenyewe hakuna tarehe. Kinda anayekaribia kuruka hupunguza kula kwa hiari yake na kupoteza kiasi cha sehemu moja ya kumi ya uzito. Akipoteza zaidi ya hapo, kuna ubaya. Anayemnyima chakula ili ajifunze haraka humfundisha jambo jingine: kasuku huyo hukua akilia kilio cha kinda, miaka na miaka, tumbo likiwa limejaa.

Na ile imani ya kwamba bila kumlisha mwenyewe ndege hatazoea watu, imepimwa. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba makinda wa kasuku wa Amerika ya Kusini walioachwa na wazazi wao tunduni, wakawa wanashikwashikwa kidogo kila siku, walikua wapole kwa watu. Miaka 12 baadaye ukaja utafiti ambao washairi wangepaswa kuwa wa kwanza kuusikia. Karl Berg na wenzake, wakichunguza kasuku wadogo wa mwituni huko Venezuela, waligundua kwamba kila kinda hupokea kutoka kwa wazazi wake mlio wake maalumu, akiwa bado tunduni, kabla hajatoa sauti yake ya kwanza ya namna hiyo. Makinda wa mayai yaliyohamishwa kutoka tundu moja hadi jingine walichukua milio ya wazazi waliowalea, si ya waliowataga. Kwa maneno mengine, kasuku hupewa jina nyumbani. Yule aliyetolewa mapema, aliyevuka ziwa na kupita Ukonongo hadi akaning'inizwa katika baraza ya Unguja, akasifiwa kwa kusema salamu na kutaja majina ya watoto wa nyumba, alikuwa akiyataja majina ya watu wengine kwa kuwa lake hakulipata.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inamfanya mtoto yule mwenye makinda katika kofia kuwa mwenye kosa asilolijua, kwa kuwa kumiliki mnyama wa mwitu bila kibali ni kosa. Lakini sheria haimwambii afanye nini baina ya saa kumi za jioni na kesho asubuhi, ofisi ya maofisa wanyamapori itakapofunguliwa. Kinda na awekwe katika giza na joto, ndani ya kisanduku chenye kitambaa, na asilazimishwe maji. Iwapo mti umeanguka lakini wazazi bado wanazunguka mahali pale wakipiga kelele, kipande cha gogo chenye tundu kinaweza kukatwa na kufungwa juu ya mti wa jirani, makinda wakiwa ndani. Kasuku hawamkatai mtoto kwa sababu ya harufu ya mkono wa mtu. Ikiwa wamekwisha kwenda zao, basi kazi ya kulea imeshaanza, na kila saa moja ya usiku huo ina uzito.

Kwa kasuku wa kahawia, siku ile huja katika juma la 9 au la 10, au baadaye kidogo. Mlezi huja na uji wa alasiri, na kinda hatikisi kichwa. Yuko pembeni, juu ya ufito, amesimama kwa mguu mmoja. Mguu wa pili umeinua karanga hadi mdomoni, na ni ule wa kushoto.